Tulisimama kwa Tarumbeta Tu

Mlinzi wa lango la kambi ya polisi aliniuliza namtafuta nani. Nikamjibu kwa kile Kiswahili cha kambini, kisichofundishwa shuleni, kwamba simtafuti mtu, natafuta uwanja. Akaniangalia, akaliangalia gari langu, akamwangalia binti yangu aliyekuwa kiti cha pembeni ameinamia simu, kisha akacheka. "Mtoto ya polisi wewe," akasema, akainua kizuizi. Hapa Kampala wako watu wanaokiogopa Kiswahili kama wanavyoogopa buti za askari. Mimi kimenifungulia malango tangu utotoni.

Nilimleta binti yangu makusudi. Ana miaka kumi na minne, na tangu shule zifungwe nilikuwa sijamwona akitembea zaidi ya kutoka kitandani hadi kwenye kochi, na kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji. Akitaka chai hunitumia ujumbe, mimi nikiwa chumba cha pili. Shuleni anapelekwa na boda, anarudishwa na boda, na boda humwacha mlangoni kabisa, kama mzigo wa sukari kutoka maduka ya jumla ya Kikuubo.

Wala usidhani nazidisha. Muhula uliopita shule yao ilikuwa na siku ya michezo, nikaenda. Kulikuwa na mbio za wazazi. Nikavua viatu vya kisigino, nikaikunja sketi, nikakimbia na umri wangu huu, nikawa wa pili. Aliyenishinda ni Mkenya mmoja mwembamba, na mpaka leo naamini alikuwa akifanya mazoezi kwa siri. Watu walinipigia makofi. Kisha ikaja zamu ya wasichana wa darasa la binti yangu. Walijipanga kwenye mstari, mimi nikasogea mbele nipate kuona vizuri. Filimbi ikalia, wenzake wakatimka, yeye akabaki amesimama wima pale pale, uso umenielekea. Mwalimu wa michezo alikuja kunisalimu baadaye, akasema kwenye mazoezi huwa anakimbia kidogo, hajui siku hiyo amepatwa na nini. Mwalimu huyo ana mvi. Aliniambia kwamba alipoanza kazi, shida yake ilikuwa kuwafukuza watoto uwanjani giza linapoingia. Siku hizi shida yake ni kuwavuta waingie. Nilirudi nyumbani na aibu kifuani, nikaapa kwamba likizo ikifika, huyu binti ataijua miguu ni ya nini.

Ndiyo maana nilitaka auone uwanja ule. Nilitaka aone mahali mama yake alipotengenezewa mapafu.

Basi, rafiki yangu, uwanja haupo. Yaani ardhi ipo, lakini juu yake wamepanga magari yaliyogongana barabarani na boda zilizokamatwa, mistari kwa mistari, na majani yamekua mpaka kwenye usukani. Pale lilipokuwa goli la wavulana kuna teksi iliyobonyea paa. Na juu ya viti vya zile boda wamekaa vijana wa kambi, wa kike na wa kiume, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na simu yake, wamepanda pikipiki zisizokwenda popote. Niliwasalimia. Waliitikia kwa heshima, lakini hakuna aliyeinua macho. Binti yangu hakushuka garini. Aliteremsha kioo, akanipiga picha nikiwa nimesimama katikati ya mabati, akapandisha kioo.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sisi tuliishi safu ya tatu, kwenye kibanda cha bati cha mviringo kilichokuwa kama ndoo kubwa iliyofunikwa. Mchana kilichemka, usiku mvua ikinyesha ulikuwa huwezi kusikia hata mtu akikuita sikioni. Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa West Nile, mrefu, mchache wa maneno. Mama alifuga kuku, akauza kabalagala, zile keki ndogo za ndizi na muhogo zinazokaangwa mpaka ziwe nyekundu. Ndani ya kibanda hapakuwa na nafasi ya kukaa, kwa hiyo hatukukaa. Hilo watu hawalielewi ninapowasimulia. Wanadhani tulikuwa watoto wenye bidii. Hatukuwa na kochi, basi.

Asubuhi kabla ya shule nilishuka bondeni kuchota maji, dumu la njano kichwani, nikapanda nalo mlima. Nikafagia, nikapokonyana na kaka zangu kiporo cha posho, yaani ugali, na maharagwe, nikashika njia ya shule kwa miguu. Tulipita nyuma ya soko la Nakasero wakati wachuuzi wanamwagia mboga maji, na harufu ya dania na nanasi ilitusindikiza mpaka barabara kubwa. Jumamosi mama alinituma Kikuubo kununua mafuta na unga wa biashara yake. Nilijipenyeza katikati ya wapagazi waliokuwa wakipiga mluzi ili wapishwe, nikarudi na mzigo kichwani bila kuushika kwa mkono. Mpaka leo shingo yangu iko wima. Huko hotelini Uarabuni nilikofanya kazi, wageni walikuwa wakiniuliza kama niliwahi kucheza dansi za jukwaani. Niliwajibu ndiyo, nilicheza na jerikeni.

Lakini yote hayo yalikuwa kazi. Kilichotutoa jasho kwa furaha kilianza saa kumi jioni, nacho kilikuwa mchezo wa kwepena.

Watanzania wanauita rede. Jirani yetu wa safu ya tatu, Mkenya, mke wa fundi aliyetengeneza magari ya kambi, aliuita kati, na kila siku alitueleza kwamba sisi Waganda tumeuiba kwao. Wawili wanasimama mbalimbali, mmoja huku, mwingine kule, wanarushiana mpira. Wewe uko katikati na chupa tupu. Unainama, unachota mchanga kwa viganja, unajaza chupa, na mpira ukija unakwepa. Ukiguswa umetoka. Ukiijaza chupa ukaimwaga, wenzako wote waliotolewa wanarudi. Kwa hiyo aliyebaki wa mwisho katikati hachezi kwa ajili yake peke yake. Pembeni kuna watu kumi wanamwombea kila dini waliyozaliwa nayo.

Mpira wetu ulikuwa soksi. Askari wa siku zile walivaa kaptula na soksi ndefu za rangi ya mchanga, na soksi hizo hazikuwa na mfano kwa kazi hiyo. Unaijaza kaveera, yaani mifuko ya plastiki, unaongeza magome makavu ya mgomba, unafunga mdomo, unakunja juu yake tena. Ukikupiga unasikia, lakini huumii. Siku moja niliichukua ya baba bila kuuliza. Kesho yake alikwenda gwaride na soksi mbili zisizofanana, moja ndefu, moja fupi, sajini mzima. Jioni alirudi, nikajificha nyuma ya banda la kuku. Alikaa, akavua viatu taratibu, akaniita. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mpira wenyewe unaruka vizuri.

Na sisi hatukuwa watoto wadogo. Hilo ndilo nataka lieleweke. Tulikuwa na miaka kumi na tatu, kumi na tano, wasichana wenye vifua, wavulana wenye sauti nzito. Hata wakubwa walituingilia. Jirani yule Mkenya alikuwa anakaanga chapati barazani pake, na akiona timu yake inazidiwa, aliacha kikaango, akajifunga leso kiunoni, akaja kurusha. Mkono wake ulikuwa hatari.

"Wewe kasichana," aliniambia akizungusha mpira, "leo nakukaanga mimi."

"Anza na chapati zako, mama, zinaungua," nilimjibu, na alipogeuza shingo kutazama moshi, mimi nilikuwa nimeongeza viganja viwili vya mchanga.

Hakuna aliyenifikia. Nasema bila haya, kwa sababu walioshuhudia wako hai. Safu ya kwanza mpaka ya sita, hapakuwa na msichana wala mvulana aliyeweza kunigusa nikiamua kutoguswa. Nilikuwa na mgongo kama wa paka. Nyumbani nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mama hakunigombeza. Alikuwa na msemo wake: jasho lisilotoka kwa mchezo litatoka kwa homa. Alinimwagia maji, akanipa gonja, ile ndizi kubwa tamu ya kuchoma, na simsim iliyosagwa, nikalala kabla sijamaliza kutafuna.

Kitu kimoja tu kilitusimamisha. Saa kumi na mbili jioni lililia tarumbeta la kushusha bendera, na kambini tarumbeta hilo likilia, kila kiumbe kinachoonekana kinasimama wima. Askari aliyekuwa anaoga nyuma ya ukuta alisimama na sabuni yake. Jirani alisimama na kijiti cha kugeuzia chapati ubavuni kama upanga. Wavulana wenye matairi waliyaacha yabingirike peke yake mpaka yaanguke. Mara nyingi tarumbeta lilinikuta nimeinama, viganja vimejaa mchanga, nami nikainuka hivyo hivyo, mchanga ukinichuruzika kati ya vidole, jasho likiniingia machoni, marufuku kujifuta. Moyo ulipiga mpaka nikauona ukisukuma gauni. Ilikuwa sekunde chache, lakini kwa mtoto aliyetoka kukimbia ni karne. Bendera ikashuka, ikakunjwa, sauti ya mwisho ikakatika. Kisha mchezo ulianzia pale pale. Aliyeshika mpira alirusha, mimi nikakwepa.

Kwetu sisi kusimama kulikuwa na mwisho wake unaojulikana. Nimelifikiria sana hilo wiki hizi.

Baba alistaafu, tukatoka kambini, kwa maana kibanda ni cha kazi, si cha mtu. Mama alipanga chumba kimoja Kasubi, katika ule mstari wa vyumba vinavyogawana ukuta na choo. Baba alifariki huko. Mimi nikapata mtoto, baba yake akaona njia akaifuata, na binti yangu alipokuwa bado anajifunza kusema, nilimwachia mama, nikapanda ndege kwenda Uarabuni. Nilianza kwa kusugua sakafu za nyumba za watu. Kutoka hapo nikaingia hoteli kama muosha vyombo, nikapanda, nikapanda tena, na usiku wenzangu walipokuwa wanalala mimi nilikuwa nasoma, mpaka nikapata diploma ya hoteli na upishi. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna mjomba aliyepiga simu mahali kunitafutia kazi. Diploma hiyo iko sebuleni kwangu, kwenye fremu, na anayeingia lazima aione. Leo nina mkahawa wangu upande wa Nakasero, maofisa wanajipanga kwa ajili ya kuku wangu wa karanga. Nimejenga hapa hapa Kasubi, nyumba yenye vyumba vingi, ukuta mrefu, uwanja uliosakafiwa vizuri. Mama nimemhamishia kwangu. Aliyesema watoto wa kambi huishia kuwa wake za askari, namkaribisha chakula cha mchana.

Nilirudi ili nimlee binti yangu. Hayo mengine yote yalikuwa ngazi tu. Na nilimkuta msichana mrefu, msafi, mwenye adabu, asiyesogea.

Basi jioni ile ile tuliyotoka kambini, nikaamua. Sikutaka kuhubiri tena. Nilitaka jambo moja tu, aje acheze nami mara moja, hata kama angecheza vibaya, hata kama angelia. Nikachukua soksi yangu ndefu ya baridi niliyorudi nayo, nikaijaza kaveera, nikamwomba jirani wa nyuma magome ya mgomba, nikafunga. Mikono haikusahau. Nyuma ya jiko kulikuwa na lundo la mchanga ulioachwa na mafundi, nikauhamisha kwa beseni, nikaumwaga katikati ya uwanja wangu uliosakafiwa. Nikamwita mama awe mrushaji wa pili. Mama ana goti bovu. Alisema atarusha akiwa amekaa, akatoa kigoda chake, akakiweka upande wa lango, akajifunga leso kabisa kama mtu anayekwenda vitani.

Binti yangu alitoka. Nilitegemea mabishano, lakini aliacha simu ndani, akavua ndala, akasimama katikati na chupa tupu ya soda. Nikafurahi. Nikamweleza sheria, nikarusha taratibu.

Mpira ukampiga begani. Hakukwepa. Nikadhani hajaelewa. Mama akaurudisha, nikarusha tena, ukampiga tumboni, ukaanguka miguuni pake. Hakuinama kuchota mchanga, hakupinda, hakujikinga hata kwa mkono. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu kimeinuliwa kidogo, macho kwangu. Nilimwambia ainame. Nilimwambia mpira ukija aruke. Akaitikia kwa kichwa, nikarusha, ukampiga.

Hapo nilisema mengi. Nilimkumbusha jerikeni, nilimkumbusha Kikuubo, nilimkumbusha sakafu nilizosugua na diploma niliyoisomea usiku, na kwamba sikuvumilia yote yale ili nije nimlee mtoto kama nguzo ya umeme. Mama yangu alikuwa anapapasa mpira mapajani. Binti yangu alingoja nimalize. Hana tabia ya kunikatiza.

"Maama," akasema kwa sauti ndogo, "ukiniangalia siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kusogea."

Nilitaka kucheka. Nikamgeukia mama ili tucheke pamoja, lakini mama hakuwa anacheka. Alisema, bila kunilaumu, kama mtu anayekumbusha mahali kitu kilipowekwa, "Wewe ndio ulimfundisha. Kwenye ngazi, pale kwa simu."

Chumba kile cha kupanga kilikuwa na ngazi moja tu ya saruji ambapo mtandao ulishika, ngazi ya mlango wa mwisho, karibu na bomba. Simu niliyomtumia mama niliijivunia sana, simu ya kioo kikubwa, ya kwanza katika mstari ule, ili nimwone mtoto wangu na si kumsikia tu. Mimi sikuwa na saa yangu. Nilipiga simu bosi alipolala, au mgeni alipochelewa, nikajibanza kwenye korido ya stoo kati ya magunia ya vitunguu. Kwa hiyo, mama alisema, mtoto hakwenda mbali na ngazi ile. Akitoka shule, anaoga, anakaa. Watoto wa mstari walicheza kwepena pale mbele ya bomba, walimwita mpaka wakachoka kumwita. Siku moja tu alikwenda, akacheza, simu yangu ikapita bila kupokelewa. Kesho yake nikapiga, nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu niliona nimeyasema kwa upole, "Ukikimbia kimbia, mama atakupata wapi?"

Na picha ilikuwa inakatika. Hilo mama hakuhitaji kunikumbusha. Uso wa mtoto ulivunjika vipande vya rangi kila alipotikisika, na mimi nilikuwa na dakika chache, na nilitaka kumwona. Nikasema kila mara, mwaka baada ya mwaka, kabla hata ya kumsalimu, "Tulia mwanangu, usisogee, nikuone." Naye alitulia. Alijifunza kutulia vizuri kiasi kwamba hata kope alizichelewesha. Picha ikawa safi. Nikamtazama, nikala kwa macho. Wakati mwingine nyuma ya kichwa chake nilikuwa naona mpira ukipita, kutoka upande huu wa kioo kwenda upande ule, na miguu ya watoto wengine ikikimbia. Nilikuwa naona. Na nikawaonyesha wenzangu wa jikoni, nikawaambia, tazameni binti yangu alivyo mtulivu, hana vurugu kama watoto wengine.

Wenzangu walimsifu. Wao pia walikuwa na watoto wao waliotulia, Nairobi, Manila, Addis. Sote tulionyeshana.

Nilisimama nikiutazama mpira wangu wa soksi mapajani pa mama. Nikamkumbuka kwenye mstari wa mbio, filimbi imelia, uso umenielekea. Mimi nilikuwa nimesogea mbele nipate kumwona vizuri, naye aliniona, akafanya alichokijua. Akasimama ili picha isikatike.

Watu wa umri wangu tukikutana mkahawani, mazungumzo ni haya haya: vijana wa leo wazembe, simu zimewaua, sisi tulikuwa chuma. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kwa sauti. Uwanja wa kambi ulijazwa mabati, sawa. Ile njia ya nyuma ya soko mtoto hawezi kupita siku hizi, magari yatamsaga, sawa. Kambini penyewe mlinzi aliniambia tarumbeta la jioni sasa linatoka kwenye spika, na wanaosimama ni walioko karibu na bendera. Yote hayo yameondoka, na nimeyalilia. Lakini siwezi tena kusema kwamba yaliondoka yenyewe, kama maji ya mvua. Kila mtu mzima alichukua kipande chake, kwa nia njema. Changu mimi nilikichukua kwa simu, kutoka stoo ya vitunguu. Sisi tulisimama kwa tarumbeta, na tarumbeta likakoma, tukaendelea. Binti yangu nilimsimamisha mimi, nikarudi na masanduku yangu, na katika furaha ya kurudi sikukumbuka kumwambia kwamba bendera imekwisha kushuka.

Nimwambie vipi sasa? Maneno hayatoshi. Nilijaribu pale pale, nikasema cheza mwanangu, sogea, mama yuko hapa haendi popote. Akatabasamu kwa adabu, akaendelea kusimama, kwa sababu nilikuwa namtazama nilipokuwa nasema.

Mama ndiye aliyenionyesha cha kufanya. Alinipa ishara ya mkono, ile anayowapa kuku, zungusha, geuka.

Nikageuka. Nikaupa uwanja mgongo, nikaelekea ukuta wangu mrefu niliojenga kwa jasho langu, na vipande vya chupa nilivyopanga juu yake. Mama akanirushia mpira, ukanigonga kisigino, nikauokota bila kugeuza shingo. Nikaurusha nyuma kwa kuupitisha juu ya bega, kwa kubahatisha.

Nikausikia ukigonga lango.

"Umekwenda mbali," mama akasema.

Akarusha yeye. Nikangoja. Nilisikia kitu kama unyayo ukiparaza saruji, kisha kimya, kisha mama akicheka kwa pumzi. Ukaja tena kisiginoni kwangu. Nikaokota, nikarusha nyuma, safari hii chini zaidi.

"Amekwepa," mama akasema.

Sikumsifu, nikiogopa sauti yangu nayo isije ikamsimamisha. Jioni ilikuwa inaingia, mahali fulani upande wa chini watu walikuwa wanakaanga kitu kwa mafuta, na nyuma ya mgongo wangu nikasikia mchanga ukianza kuingia chupani, kidogo, ukakoma, ukaingia tena. Tangu nilipoondoka nchi hii sikuwahi kutamani kuona kitu kama nilivyotamani kuona ule mchanga. Nikaendelea kutazama ukuta.